Mstari Mmoja wa Mahindi

Baba Rogathe aliwageuza ng'ombe wa kulimia hatua nne kabla ya mpaka.

"Mbona unageuzia hapa?" mkewe, aliyewaongoza kwa kamba, akashangaa. "Shamba letu si linafika kule kwenye masale?"

Masale hayo, mimea ya kuonyesha mpaka, Baba Rogathe alikuwa ameyasogeza mwenyewe. Kila msimu, upana wa mstari mmoja wa mahindi ndani ya shamba la jirani yao mjane. Na Jumapili alisoma somo kanisani, sauti safi kabisa.

Leo alfajiri, akisali Baba Yetu, sauti ilimkwama palepale kwenye "utusamehe".

Akang'oa sale la kwanza. Likatoka na bonge la udongo mweusi, akalikumbatia lisidondoke.

Yule mjane alikuwa amesimama, jembe mkononi, akimtazama.

"Shikamoo, mama," Baba Rogathe akamwambia. "Njoo unionyeshe lilipokuwa mwanzo."