Mpini Mwepesi

Kabla ya alfajiri nilisikia mfuniko wa sufuria ukigongagonga. Mjukuu wangu Chelimo alikuwa amedamka kunichemshia chai, kwa kuwa ilikuwa siku yangu ya kupimwa. Mzee asiyeweza kupiga mpira wa gofu hadi uvuke kijito haruhusiwi tena kuishi kwake. Huhamishiwa Nyumba ya Mapumziko.

“Gogo, bibi yangu, siku hizi mikono yako inazunguka polepole,” alisema, akinipa fimbo yenye mpini mwepesi unaopinda kidogo. “Huu utakusaidia kuurusha mpira. Ule wa chuma unakuchosha bure.”

Uwanjani, jirani yangu Arap Birir, aliyekuwa akipimwa pia, alinicheka.

“Mama Jeruto, huo ni mwiko. Unaenda kusonga ugali?”

Chelimo alimpa naye fimbo kama yangu, kwa adabu. Akaikataa, akashika ile ya chuma, ya ujana wake.

Mpira wangu ulivuka, ukalala kwenye nyasi za ng'ambo. Wake ulitumbukia majini.

Jumapili nilimpelekea mursik, maziwa yetu ya mgando, kule Nyumba ya Mapumziko. Tulicheka sana, mpaka kengele ya kuwaaga wageni ikalia. Akanishika mkono.

“Uje tena, Mama Jeruto,” alisema. “Uje na ule mwiko, niujaribu.”