Pikipiki Iliyomfuata Sikudhani

Siku hizi pikipiki ndiyo humchagua mmiliki, na kazi ya muuzaji ni kufungua mlango wa duka tu. Lakini asubuhi ile muuzaji alimcheka Sikudhani mbele ya wateja: "Mama, hizi si za wauza vitumbua!" Sikudhani akarudi nyumbani.

Alikuwa akianika nguo uani pikipiki nyekundu ilipoingia peke yake, iking'aa hadi kuku wakatawanyika. Shuka likamponyoka.

"Nilimsikia yule muuzaji," pikipiki ikasema kwa upole. "Nimeshamnyamazisha. Hakuna atakayekutolea lugha chafu tena."

Machozi yakamlengalenga. Hakuwa amewahi kuchaguliwa na kitu kizuri namna ile.

"We Sikudhani!" mumewe akafoka kutoka ndani. "Chai iko wapi, mvivu wewe?"

Taa ya pikipiki ikageuka taratibu, ikautazama mlango.