Nungunungu na Kengele ya Mwalimu Kobe

Wanyama walipofungua shule, walipata mkaguzi kabla ya kupata chaki. Mkaguzi huyo, Bwana Nyumbu, alikuja kumfukuza Nungunungu, kwa sababu mwanafunzi huyo akishtuka miiba humsimama na wenzake huchomwa.

"Siku hizi hachomi mtu," akasema Mwalimu Kobe. "Nimemkalisha karibu na mlango, na kabla ya kugonga kengele humnong'oneza. Akijiandaa, hashtuki."

"Huo ni upendeleo!" akasema Nyumbu. "Waraka wa ukaguzi unasema kengele ni ya wote. Igonge sasa hivi bila kumwambia, tuone."

Kobe akasita, kisha akaligonga kwa nyundo rimu la lori lililokuwa kengele ya shule. Nungunungu miiba ikamsimama wima. Akatoka nje bila kumgusa mtu, kama alivyofundishwa, akaanza kuvuta pumzi. Huko akamkuta Bwana Nyumbu, aliyekuwa ametangulia kwa kupitia dirishani, yumo katikati ya mihogo ya shule akitetemeka miguu yote minne.

"Shikamoo, mzee," akasema Nungunungu, akisimama mbali kwa adabu ya mwenye miiba. "Pole. Vuta pumzi, ishushe polepole. Hata mimi nilianza hivyo hivyo."

Wakavuta pamoja mpaka miiba ikalala na miguu ikatulia. Nyumbu akajipangusa udongo, akarudi darasani, akaketi karibu na mlango, ubavuni mwa Nungunungu. Habari ya kufukuza mtu hakuitaja tena.

"Mwalimu," akanong'ona, "kengele ya kutoka ikikaribia, utaniambia?"

"Na waraka je, mzee?"

"Waraka niliuandikia ofisini," akasema Nyumbu. "Kule hakuna kengele."