Nozeli Kuukuu

Fundi alirithi lori la marehemu kaka yake pamoja na maradhi yake: injini iliyogonga mpaka mtaa wa pili wakaisikia.

Mama yao, ambaye uzee ulikuwa umemfutia msiba ule kichwani, kila jioni akiisikia alikimbilia getini, uso umemchanua. Akimwona aliyeshuka ni huyu mdogo, uso ulimfifia.

Fundi akachoka kumvunja mama moyo. Akang'oa nozeli zilizochakaa, akafunga mpya zinazonyunyiza dizeli laini kama ukungu. Injini ikatulia.

Jioni hiyo aliingia uani kimyakimya. Mama alikuwa jikoni, hakukimbilia popote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nawa, lakini tusile kwanza." Alifunika sahani ya tatu, akavuta kigoda mpaka mlangoni, akatega sikio barabarani. "Lori la kaka yako sijalisikia. Leo kachelewa."

Giza likaingia. "Hajawahi kuchelewa hivi," alisema tena, na sasa sauti ilimtetemeka.

Fundi alitia mkono mfukoni, akazishika zile nozeli kuukuu. Dizeli ikamlowesha vidole.

"Mama," alisema, macho kwenye lori pale uani, "tochi iko wapi?"