Fyuzi ya Nne

Fyuzi haikuwepo. Kepueli alimulika tochi mgongoni mwa televisheni, akapekua kwa ncha ya bisibisi, kisha akacheka kwa pua. Hii ilikuwa mara ya nne ndani ya wiki mbili.

"Imeungua tena?" aliuliza Mzee Siosiua, mwenye nyumba.

"Fyuzi ikiungua, Mzee, maiti yake hubaki. Hii imetoroka. Labda imevuka bahari hadi Oklandi kutafuta kazi."

Majirani waliojazana mlangoni waliangua kicheko. Walikuwa wamekuja kutazama raga, na badala yake walikuwa wakitazama mgongo wa Kepueli.

Kepueli alikuwa fundi hodari, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Kijiji kizima cha Houma alikiona kundi la wajinga. Walizipiga seti zao kwa kandambili, wakaziweka dirishani ziliwe na chumvi ya bahari, kisha wakamletea zimejaa sisimizi na mijusi mikavu, eti "ilizima yenyewe." Lakini fyuzi hizi zilikuwa zimeanza kumharibia jina. Kila alipoitengeneza seti ya Siosiua, haikumaliza siku tatu. Na kila alipoitwa alichomewa nguruwe, maana kwetu fundi haondoki na njaa. Sasa watu wakikaa kunywa kava jioni walikuwa wakisema Kepueli anazichomoa fyuzi mwenyewe ili aitwe tena ale. Yeye! Maneno hayo yalimchoma hasa.

"Leo siondoki mpaka mwizi ajulikane," alisema. "Nani humu ndani anaichukia televisheni?"

Nyumba ilikuwa na chumba kimoja tu, tangu kimbunga kilipochukua kingine. Lopeti, mwana wa Siosiua, alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya seti. Alianguka kutoka kwenye mnazi, na mguu wake ulikuwa umefungwa plasta hadi pajani. Kujigeuza tu kulimtoa jasho. Dada yake Seini hakuwemo. Kwa mila yetu kaka na dada hawaketi pamoja mbele ya televisheni, wasije watu wakabusiana humo, wote wawili wakakosa pa kuweka macho. Basi tangu Lopeti avunjike, seti ikiwashwa tu, na Siosiua aliiwasha kuanzia adhuhuri, Seini alitoka na kichanga chake akakaa kwenye jiko la nje, katika moshi wa makumbi. Ikizimwa, alirudi ndani nyuma ya pazia lake. Hata sasa mtoto alisikika akikohoa huko nje.

"Sema basi, fundi," Siosiua alihimiza.

"Hesabu hii ni ndogo, hata nyinyi mtaiweza. Mgonjwa hainuki. Wewe, Mzee, unaipenda seti kuliko kanisa. Anabaki nani? Nani anafagia nyuma ya seti kila asubuhi? Nani anafukuzwa nje kila inapowaka?" Akageukia jikoni na kupaza sauti. "Eti, Seini! Fyuzi zangu unaziungia mchuzi?"

"Fyuzi hata siijui ilivyo, Kepueli," Seini alijibu kutoka nje. "Nina mtoto mgonjwa mimi. Niache."

"Wezi wote wana watoto wagonjwa!"

Mlangoni watu walishika mbavu. Siosiua hakucheka. Kwa hasira aliukaza mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni.

"Kesho kuna meli ya kwenda kisiwa cha Vavau," alisema. "Seini atapanda, yeye na mtoto wake. Akamsubiri mumewe huko kwa wakwe zake. Hapa sitaki kumwona tena."

Mwezi wa saba bahari ile huwatapisha hata mabaharia, na kichanga kilikuwa na wiki sita tu. Lakini hakuna aliyethubutu kumjibu mzee nyumbani kwake.

Kepueli, kwa upande wake, alijiona mtu. Jina lake lilikuwa limesafishwa, tena mbele ya mashahidi. Akapiga magoti kutia fyuzi mpya, na kiwiko chake kikagonga mguu wa Lopeti. Kitu kilichakarika ndani ya plasta. Kepueli akainamisha tochi. Katika nafasi iliyokuwa kati ya plasta na paja mlikuwa na bisibisi ndogo, na pembeni yake fyuzi nne.

Mwanamume gani atamtaja dada yake mbele ya watu, tena kwa habari za televisheni? Alimtazama Kepueli tu, machozi yakimlengalenga, na huko jikoni mtoto akakohoa mfululizo mpaka akapaliwa.

Kepueli alivuta shuka taratibu akaifunika plasta. Kisha akakata kipande cha waya, akaunganisha sehemu mbili ambazo hata mwanafunzi wa siku moja hathubutu kuziunganisha, akachomeka umeme. Seti ililia paa! Moshi mweupe ukapanda hadi darini.

"Seini hana kosa," alisema huku akisimama, kwa sauti ya kuwafikia wote mlangoni. "Fyuzi nilikuwa nachomoa mimi, Mzee, kwa uroho wa nguruwe wako. Na sasa nimeiunguza seti yenyewe, haiponi tena. Mwite aingie ndani na mtoto."