Gunia Retu

Nasambu alinunua jina la tovuti lenye kosa la tahajia, akalilipia mwaka mzima, na alipomaliza akacheka peke yake chumbani.

Hakuwa amecheka tangu Machi. Mwezi huo Kagwe, mwenye ofisi ya kutengeneza tovuti mjini Kitale, alimfukuza kazi mbele ya wenzake. Nasambu ndiye aliyeiunda Gunia Letu, tovuti ya wakulima kuuza mahindi bila madalali. Aliiunda peke yake, kuanzia rangi hadi kitufe cha mwisho. Kagwe akaweka jina lake mwenyewe chini ya ukurasa.

"Kusema kweri, wewe huwezi kusimama mbele ya wageni," alimwambia. "Kazi unajua, rakini nyinyi watu wa Bungoma mnachanganya hizo herufi zenu. Utatuaibisha."

Wenzake walicheka. Nasambu alirudi kwao Kanduyi na kicheko hicho masikioni. Alimchukia Kagwe asubuhi akipiga mswaki, akamchukia jioni akisonga ugali, na wala hakuona haya kumchukia.

Kisha siku moja, akitafuta fonti za bure mtandaoni, akakutana na kifaa cha ajabu. Unakipa anwani ya tovuti, nacho kinakuorodheshea makosa yote ambayo watu wanaweza kufanya wakiiandika, na kukuonyesha ni majina yapi hayajachukuliwa. Akaingiza gunialetu. Katikati ya orodha akaliona: guniaretu. Halikuwa na mwenyewe.

Uzinduzi wa Gunia Letu ulikuwa Ijumaa, Kitale, na redio zilikuwa zimeanza kuwahimiza watu wa Bungoma wafungue tovuti siku hiyo. Wangeandika jinsi wanavyotamka, kisha wangetua kwake. Huko Nasambu alipanga michoro yake ya kwanza pamoja na tarehe zake, na ujumbe ambao Kagwe alimtumia zamani: "Umefanya kazi safi. Hii tovuti yote ni wewe." Juu kabisa, kwa maandishi mekundu, aliandika: KAZI HII NI YA NASAMBU. KAGWE AMEIIBA.

Kaka yake, Wanjala, alipoonyeshwa ukurasa ule alitikisa kichwa. "Si uachane na huyo mtu? Halafu watu wetu wanaongea na r, lakini kuandika wanaandika sawa. Kwani ni nani hakuenda shule?"

"Utaona," alisema Nasambu.

Ijumaa aliamka mapema, akaketi mbele ya kompyuta kutazama idadi ya wageni. Saa tatu, sufuri. Saa nne, sufuri. Tangazo la redio likapita mara mbili, na bado ilikuwa sufuri. Akashindwa kutulia, akatoka nje.

Phelista, jirani anayeuza mahindi, alikuwa ameinamia simu yake. "Nasambu, kuja uone. Hii Gunia Retu ni nzuri, bana. Nimeingia mara moja tu."

Nasambu alitazama skrini. Rangi zake, vitufe vyake, na jina la Kagwe chini. Juu, kwenye anwani, Phelista alikuwa ameweka l mahali pake.

Alirudi chumbani amekufa moyo. Miezi yote hii ya hasira, na Kagwe alikuwa akipigiwa makofi muda huohuo. Alinyoosha mkono azime kompyuta.

Mgeni mmoja. Kutoka Kitale.

Alingoja. Namba ikapanda: ukurasa umefunguliwa mara mbili, na mgeni ni yuleyule. Kisha mara tatu.

Simu ikalia. Alikuwa Joan, karani wa Kagwe, na alikuwa akinong'ona.

"Nasambu, umefanya nini? Projekta imeweka jina lako kwa ukuta wa ukumbi, kubwa kama mlango. Wageni wote wanasoma. Kuna wengine wanapiga picha."

"Nani amefungua?"

"Si ni yeye mwenyewe. Alikataa nimwandikie. Ati watu wamwangalie, awafundishe herufi kwa herufi. Amefuta na kuandika upya mara mbili, na kila mara unatokea wewe."