Paka wa Miraba

Sikio la paka lilikuwa limepotea tena.

Mama Chiriku alifuta, akakuza picha ikajaa kioo chote cha kompyuta, akaanza upya. Programu ile huria ya kuchora aliipakua bure enzi za chuo, na aliijua kama anavyolijua jiko lake. Leo alikosea kama mtu anayeshika kipanya kwa mara ya kwanza. Miraba minane kwenda juu, minane kwenda kando. Rangi mbili tu. Alisahau kuzima kile kitufe cha kulainisha kingo, programu ikampakia kijivu mgongoni mwa paka, naye akaruka kama aliyeungua.

"Hakuna kijivu," alijiambia. "Ni njano au nyeusi."

Simu ikalia. Alikuwa sista wa wodi ya kutengwa.

"Amekataa chakula tena. Dawa anatema. Amegeukia ukuta."

"Hujamwonyesha paka niliyekutumia?"

"Nimemwonyesha. Anasema huyo ni paka wa kwenye simu. Wake uliahidi atakuja mwenyewe." Sista alishusha sauti. "Mama Chiriku, sikufichi. Daktari anasema mwili bado unaweza. Mtoto ndiye aliyekata tamaa."

Chiriku. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuwa na breki mdomoni. Aliongea hata akiwa usingizini. Paka huyo walimchora pamoja, nukta kwa nukta, mtoto akiwa amepakatwa, kwa ajili ya mchezo wao wa kompyuta ambao haukuwahi kuisha. Siku gari la wagonjwa lilipomchukua, mama alikatazwa kupanda. Akapiga kelele mlango ukifungwa: "Paka atakuja kukuona!" Hakuwa na kingine cha kumpa.

"Atakuja jioni hii, sista. Wewe mgeuze tu, asiangalie ukuta."

"Nitajaribu."

Kila mraba ulikuwa na mwenyewe. Katika kundi la majirani simuni, ujumbe ulimiminika.

"Mimi rangi gani?" aliuliza Mama Pacha.

"Njano."

"Na mimi?" aliuliza fundi cherehani. "Maana mweusi nimekuwa tangu kuzaliwa. Leo nionee huruma."

"Njano, fundi."

Mlango ukafunguka. Shangazi aliingia akihema, akajitupa kwenye kiti.

"Nimegonga kote. Wote wamekubali, kasoro Mzee."

"Mzee yupi?"

"Wa safu ya tatu kutoka juu, mraba wa sita. Kafungua mlango nusu. Anasema tangu amzike mkewe hawashi taa, wala hana haja na mambo ya watu. Ukimbembeleza sana anakufungia. Mhesabu mweusi, mwanangu."

Mama Chiriku alihesabu kwa kidole. Safu ya tatu, mraba wa sita. Palikuwa kisogo cha paka. Sasa pakawa tundu.

Akamshusha paka chini, miguu ikakatika. Akambana kichwa.

"Huyo sasa birika," Shangazi alisema.

"Shangazi, jamani!"

"Nikudanganye? Birika lenye mkia."

Akajaribu kumlaza. Akajaribu kumkalisha. Tundu lilimfuata paka kila alikokwenda. Nje mwanga ulikuwa unapungua, na simu ikaonyesha ujumbe wa sista: *Bado ameangalia ukuta.* Mama Chiriku akalaza paji la uso juu ya kibodi. Mabega yakaanza kucheza. Hakulia kwa sauti. Alilia kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Shangazi akavuta kiti, akampapasa mgongo. Alikitazama kioo kwa muda mrefu.

"Hivi huyu paka lazima aangalie huko? Huko kuna nini, samaki?"

Mama Chiriku aliinua kichwa. Akafuta macho kwa mkono wa gauni. Kitufe cha kugeuza picha kilikuwa palepale kilipokuwa siku zote. Akabonyeza.

Paka akageuka mzima, akaelekea upande wa pili. Kisogo kikaruka kushoto. Na jicho lake, mraba mmoja mweusi katika uso wote wa njano, likaruka kutoka wa tatu likatua kwenye wa sita.

Kwa Mzee.

Kwa vidole vilivyokosea kila herufi, alimtumia kila mtu rangi yake mpya.

"Nilikuwa njano, mbona nimekuwa mweusi?" Mama Pacha alilalamika. "Nilishajiandaa!"

"Wewe shukuru," fundi alijibu. "Mimi nimekuwa mkia."

Giza lilipoanza kuingia, Mama Chiriku alishuka ngazi mbiombio, akavuka barabara mpaka kwenye ukuta wa hospitali. Mlinzi wa geti alimwona akija, akatikisa kichwa kabla hajaulizwa. Lakini hakuja kuomba kuingia. Alisimama chini ya madirisha ya wodi, akaipa hospitali mgongo, akainua macho kulitazama jengo alilotoka.

Ghorofa zote nane zilikuwa giza.

Kisha dirisha la fundi cherehani likawaka. Likafuata la jirani yake, halafu yale mawili ya juu kabisa, halafu mengine mengi kwa pamoja, machache yakichelewa, mpaka paka wa njano akasimama mbele ya mji, mrefu kama jengo, jicho lake jeusi likiwa mahali pake.

Simu ikalia.

"Ameketi," sista alisema, na sauti yake haikuwa ya kazini. "Ameshika kioo cha dirisha. Anauliza kama paka naye anamwona."

Mama Chiriku alimtazama paka.

Kule juu, safu ya tatu, dirisha la sita, taa ikawaka. Ikazimwa.

Paka alikuwa amekonyeza.